Kikombe cha Tatu

Sisi watu wa Lubumbashi tunaijua shaba. Katika jumba la makumbusho la mji wetu, watoto wa shule huonyeshwa ile misalaba midogo ya shaba ambayo mababu waliitumia kununulia vitu na kutolea mahari, nao huelewa bila kufundishwa mengi, kwa maana baba zao na babu zao wameishi kwa shaba. Lakini habari ya kahawa tulikuwa hatuijui. Tuliinywa asubuhi pamoja na mkate, tena mara nyingi ile ya unga wa kopo itokayo ng'ambo, wala hatukuuliza ilikotoka.

Mwaka 2023 tulisafiri watu watatu wa shirika moja katika parokia yetu, wanaume wawili na mama mmoja mzee, kwenda Dubai kununua vitambaa na viatu vya kuuza, kama wafanyavyo wachuuzi wengi wa hapa kwetu. Tulipita Addis Ababa, tukafika salama, na kwa siku tatu tulizunguka madukani mpaka miguu ikavimba. Siku ya nne ilikuwa ya kungoja mizigo ifungwe. Kijana mmoja mwenyeji akatuambia, "Wazee wangu, vukeni ule mkono wa bahari kwa mashua, mwende Al Fahidi. Kuna jumba la makumbusho la kahawa."

Tulicheka. Jumba zima kwa ajili ya kahawa! Lakini nauli ya mashua ilikuwa dirhamu moja tu, basi tukaenda.

Al Fahidi ni mtaa wa kale wenye vichochoro vyembamba, na juu ya nyumba zake mna minara ya kunasa upepo, ambayo zamani ilipoza vyumba kabla ya kuja umeme. Jumba lenyewe, lililofunguliwa mwaka 2014, ni nyumba ya namna hiyo hiyo. Tulitazamia kuona vitu vimefungiwa nyuma ya vioo, na mlinzi wa kutukataza kugusa. Kumbe sivyo. Hapo mgeni hujifunza kwa pua, kwa mikono na kwa ulimi. Tulinusa buni mbichi, ambayo hunuka kama majani makavu, kisha tukanusa iliyokaangwa. Tuliona vinu vya kusagia vya nchi nyingi, vya mbao na vya chuma. Tulimiminiwa kahawa ya Kiarabu kutoka katika mdila, nyepesi, yenye harufu ya iliki, pamoja na tende. Tukafundishwa adabu yake: mgeni aliyetosheka hutikisa kikombe kidogo, na asipotikisa, mwenyeji huendelea kummiminia. Mmoja wetu hakujua, akanywa vikombe vitano.

Tukajifunza pia kwamba mti wa kahawa ile bora iitwayo arabika asili yake ni misitu ya Uhabeshi, na kwamba Waislamu wachaji wa Yemeni waliinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe katika sala. Hadithi moja ilitufurahisha sisi Wakatoliki. Yasemekana Papa Klementi wa Nane aliombwa aikataze kahawa kwa kuwa ni kinywaji cha Waislamu, naye alipoionja akaona ni kitu kizuri mno kuwaachia wao peke yao. Kama ni kweli au si kweli, Mungu ajua.

Lakini habari iliyotugusa zaidi ni ya nchi yetu wenyewe. Ile kahawa ya pili, iitwayo robusta, huota yenyewe katika misitu ya Kongo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wazungu waliichukua huko, wakaipeleka Brussels, na mwanzoni mwa karne ya 20 miche ikapelekwa Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeangamiza arabika. Robusta haikushindwa na kutu. Leo Vietnam hulima robusta kuliko nchi yo yote duniani. Na sisi je? Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kongo ilitoa zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya bei yakavunjika, bei ikaanguka. Ugonjwa wa mnyauko ukakausha miti ya robusta. Kisha tangu mwaka 1996 vikaja vita. Katika miaka ya 2010 kahawa iliyouzwa nje kwa njia ya halali ilikuwa tani 10,000 hivi. Kiasi kingine kikubwa kilivuka mipaka usiku.

Tulipokuwa tukizungumza hayo, dada mmoja wa Kihabeshi aliweka buni juu ya moto na kuikaanga mbele yetu. Moshi ukapanda. Tukamwona Mama amejifunika uso kwa kitambaa.

"Mama, ni moshi?" tukamwuliza.

"Hapana, wanangu. Ni mdogo wangu."

Ndipo alipotuambia jambo ambalo kwa miaka yote ya kusali pamoja katika shirika hakuwahi kulitaja. Yeye alizaliwa kando ya Ziwa Kivu, akaja Lubumbashi kwa kuolewa. Mdogo wake alibaki na shamba la kahawa la baba yao. Wakati wa taabu wanunuzi walikuwa wachache na bei ilikuwa ya dhihaka, basi yeye na wenzake wakapakia magunia katika mtumbwi usiku, wauze Rwanda. Upepo ukavuma. Hawakurudi, wala maiti hazikupatikana. Wengi wa pwani ile walikufa hivyo, wakaacha wajane na yatima.

"Tangu siku ile sikunywa kahawa," alisema Mama. "Na kinachoniuma ni hiki: mdogo wangu aliilima tangu utoto, na hakuionja hata siku moja. Kwetu kahawa ilikuwa ya kuuza tu."

Tulinyamaza. Yule dada hakujua lugha yetu, lakini machozi hayahitaji mkalimani. Alitumiminia kikombe cha kwanza, kisha cha pili. Mama hakugusa. Cha tatu kikaja, na dada akatufahamisha kwamba kwao kikombe cha tatu huitwa "baraka". Mama alilisikia neno hilo, akalitambua. Akafanya ishara ya msalaba, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa chote.

Tuliporudi Lubumbashi, Mama aliwapelekea salamu jamaa zake. Huko kwao, upande wa Minova, upo ushirika wa wakulima uitwao Sopacdi, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili wakulima wauze kahawa yao kwa haki bila kuhatarisha roho zao ziwani, na wajane nao wamo. Jamaa wakamletea kilo chache kwa mkono wa msafiri. Walitaka kumpa bure, naye alikataa, akalipa bei kamili.

Tarehe 2 Novemba, baada ya Misa ya Marehemu, tuliikaanga kahawa ile katika sufuria juu ya makaa, tukaitwanga katika kinu, tukawagawia wanashirika wote. Mama aliomba kwamba kabla ya kunywa tumtaje mdogo wake na wote waliozama pamoja naye. Tukawataja. Kisha tukanywa, kila mtu vikombe vitatu, ingawa vilikuwa vidogo.

Tangu siku hiyo, yeye ndiye anayetuagizia kahawa ya shirika. Hukusanya franka zetu mwenyewe, na mtu akitaka apunguziwe bei, Mama hamjibu neno. Humtazama tu.