Wino Mwekundu wa Chuo Kikuu

Hapa kwetu Tanzania mtu hakabidhiwi watoto wa Darasa la Tatu mpaka kwanza akae chuoni. Huko atafundishwa saikolojia ya mtoto, atachora zana kwenye maboksi, ataandika maandalio ya masomo mpaka vidole viote sugu, kisha atapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha huku mkufunzi wake amekaa nyuma ya darasa na fomu mkononi. Kazi hiyo ya kukaa nyuma na fomu nimeifanya kwa zaidi ya miaka 30, na miaka ya mwisho niliifanya nikiwa mkuu wa chuo. Lakini kijana aliyemaliza shahada ya kwanza akawapita wenzake kwa alama, chuo kikuu humwajiri, humpa cheo cha mkufunzi msaidizi, humkabidhi wanafunzi 180 wa semina pamoja na rundo la karatasi zao, na aghalabu hakuna anayemwuliza kama amewahi kufundisha hata kwaya ya kanisani.

Cheo chenyewe hunichekesha kidogo. Wakufunzi tulikuwa sisi wa vyuo vya ualimu, nasi tulifunzwa kufunza.

Mwaka 2012, nikiwa nimekwisha kustaafu na kuhamia kwenye kuku wangu wa mayai, alinipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara katika chuo kikuu kimoja. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani kama ilivyo ada, akasema, "Mwalimu, vijana wangu wanasahihisha usiku kucha na wanafunzi wao hawaandiki vizuri zaidi. Njoo ukae nao juma moja." Nikamwuliza wanafundisha somo gani. Akasema, "Kila somo." Alikuwa amekusanya vijana 11 kutoka idara mbalimbali: jiolojia, sheria, botania, uchumi, historia na nyinginezo. Nilikwenda. Juma moja likawa matatu, kisha nikawa narudi kila mwaka mpaka magoti yalipoanza kukataa mabasi.

Msomaji asiye mwalimu huenda akauliza: kuandika si kazi ya mwalimu wa lugha? Profesa mmoja mwenye mvi kama zangu aliniuliza vivyo hivyo siku ya kwanza, tukiwa kwenye chai. "Mzee mwenzangu," alisema, "sisi tunafundisha sayansi. Kiingereza kina watu wake." Alikuwa na haki yake, kwa kuwa kweli kina watu wake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchukua kozi ya stadi za mawasiliano, wakafundishwa kwamba aya huwa na sentensi kuu, kwamba insha ina mwanzo, kati na mwisho. Wapo wanaopata A katika kozi hiyo, halafu ripoti yao ya maabara inapewa alama 28. Nimeziona karatasi za namna hiyo kwa macho yangu, mwandiko ni ule ule na mwandishi ni yule yule. Kwa maoni yangu ni kwamba aya ya jumla haipo popote duniani. Ipo aya ya mwanasheria, na ipo ya mtu wa mimea, na anayezijua siri zake ni yule aliyelelewa ndani ya somo hilo. Tatizo ni kwamba anazijua bila kujua kuwa anazijua, kama sisi tunavyosema "watoto wazuri" na "vitabu vizuri" bila kukumbuka ngeli.

Wenzetu wa nje waliligundua jambo hili zamani. Mwaka 1975 huko London, James Britton na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa maandiko zaidi ya 2,000 ya wanafunzi kutoka shule 65 za sekondari. Walikuta kuwa sehemu kubwa iliandikwa kumridhisha mwalimu mtahini, na ni machache sana ambayo mwanafunzi aliyatumia kuchekecha mawazo yake mwenyewe. Mwaka huo huo kamati ya Bullock, huko huko Uingereza, ilitaka kila shule iwe na mpango wa lugha unaowahusu walimu wa masomo yote. Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell kilianza mwaka 1966 kuzitawanya semina za mwaka wa kwanza katika idara mbalimbali, ili mwanafunzi ajifunze kuandika huku anasoma historia au falsafa. Nyingi kati ya semina zao za uandishi hufundishwa na wanafunzi wa shahada za juu, nao hupitia kwanza kozi ya namna ya kufundisha kuandika. Hawapotezi muda kukariri sarufi. Hujifunza kupanga kazi ya kuandika, kuivunja katika hatua, na kuisoma karatasi ya mtu.

Sisi tuna mzigo mmoja wa ziada. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari hugeuziwa lugha ghafla. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu katika ngazi mbalimbali wakakuta wengi hawana kiasi cha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Miaka imepita, na mwanafunzi wa chuo kikuu bado anaulizwa kwa Kiingereza jambo aliloliona kwa Kiswahili. Shauri hilo nina maneno mengi juu yake ambayo mke wangu amechoka kuyasikia. Hapa nitasema lile tu linalohusu wino.

Siku ya kwanza niliwaomba vijana wale walete kila mmoja karatasi tatu walizokwisha kusahihisha. Zilikuwa nyekundu kama shati la mchinjaji. Pembeni kuliandikwa "sarufi!", "haieleweki", "fafanua", na mahali pengine alama ya kuulizia peke yake, kubwa, kama ndoana. Sikusema kitu. Nikamwambia kijana wa sheria na binti wa botania wabadilishane karatasi. Wa sheria akasoma ripoti ya uotaji wa mbegu za mahindi, akauliza kwa mshangao, "Mbona kila kitu kimefanywa na hakuna aliyekifanya? Mbegu ziliwekwa, maji yalipimwa. Nani?" Binti akacheka. Akaeleza kwamba katika somo lao mtendaji si muhimu, maana mtu mwingine yeyote akilirudia jaribio anapaswa kupata kile kile; na kwamba matokeo hukaa peke yake na maelezo ya sababu hukaa peke yake, ili msomaji aweze kuyakubali matokeo na kuzikataa sababu. Kisha yeye akashika insha ya sheria akauliza kwa nini wanarudia rudia kesi za watu waliokwisha kufa. Yule kijana akaanza kueleza: kwanza swali linalobishaniwa, kisha kanuni ya sheria, kisha kanuni hiyo ipimwe juu ya mambo yaliyotokea, ndipo hukumu. Alieleza dakika 20, vizuri sana, mpaka nikatamani kuwa wakili.

Nikamwuliza, "Haya uliyotueleza, wanafunzi wako umewahi kuwaeleza?"

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, nilidhani wanajua."

Basi kazi yetu ya juma lile ikawa hiyo, kumfanya kila mmoja aseme kwa maneno ya kawaida kile ambacho mkono wake unakijua. Wa historia akatuonyesha kwamba mwanafunzi akinukuu taarifa ya ofisa wa Kijerumani juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, hajaandika historia bado mpaka aulize ofisa huyo alikuwa nani na alitaka wakubwa wake waamini nini. Wa uchumi alitaabika zaidi ya wote, sijui kwa nini, labda kwa sababu majedwali humfichia mtu mengi.

Aliyenigusa ni kijana wa jiolojia. Alikuwa mpole, mwembamba, na mwenye hasira ya mtu anayelala saa nne kwa usiku. Alileta ripoti ya binti mmoja wa mwaka wa pili ambaye alikuwa ameshafeli kazi mbili za fildi. Akifeli na sapu alikuwa anadisko, kama wanafunzi wanavyoita kuondolewa masomoni. Chini ya ripoti mkufunzi wake ameandika: hajui Kiingereza. Ripoti yenyewe ilikuwa na sentensi tatu juu ya jiwe waliloliona: kwamba ni jiwe la itale, kwamba ni la jamii ya miamba ya moto, na kwamba hupatikana sehemu nyingi za Tanzania. Sarufi ilikuwa safi. Nikamwuliza kijana wangu kosa la Kiingereza liko wapi. Akaipitia mara mbili asilione. Kumbe kilichomuudhi hakikuwa lugha. Alihisi kitu kimekosekana, na jina la karibu alilokuwa nalo la kukiita kitu hicho lilikuwa "Kiingereza".

Nikaomba daftari la fildi la yule binti. Lilipatikana kesho yake, likiwa na vumbi na doa la chai. Humo, kwa Kiswahili na kwa penseli, alikuwa ameandika kwamba jiwe ni la kijivu na waridi. Kwamba punje zake zinaonekana kwa macho, kubwa kama za mchele, zimeshikamana bila nafasi. Kwamba nyingine zinang'aa kama kioo kilichovunjika, na katikati yake mna vigamba vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha. Kijana alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. Akasema taratibu, "Lakini hii ndiyo jiolojia."

Ndivyo ilivyokuwa. Alinieleza mimi mzee wa kuku kwamba ukubwa wa punje ndio ushahidi: mwamba ulioyeyuka ukipoa polepole chini sana ardhini, punje hupata muda wa kukua, ukipoa haraka juu ya uso wa nchi, huwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Kwa hiyo anayeruka maelezo ya punje na kukimbilia jina ametupa ushahidi na kubaki na hukumu. Yule binti alikuwa na ushahidi wote. Ila aliambiwa daftari la Kiswahili si la kitaaluma, basi alipofika kwenye ripoti akaliacha, akachukua jina kutoka kwenye desa, yaani zile nakala za maelezo wanazorithishana, kwa kuwa jina lilikuwa tayari limeandikwa kwa Kiingereza.

Muhula ule kijana alibadilisha zoezi. Kila mwanafunzi akapewa jiwe lisilo na jina, akaamriwa alieleze kwa nusu ukurasa bila kulitaja, mwenzake alitambue kwa maelezo tu kati ya mawe sita mezani. Kuzungumza mezani ikawa ruhusa kwa lugha yoyote, na daftari pia. Karatasi ya kukabidhi ikabaki ya Kiingereza, kwa sababu mtihani nao ni wa Kiingereza na hatukuwa na mamlaka ya kuugeuza. Binti alifanya sapu akapata C. Si muujiza. C ilitosha kumbakiza chuoni, na kwao, nilivyosikia, walikuwa wameuza ng'ombe kumfikisha pale.

Kuhusu wino, niliwaomba wapige hesabu. Karatasi 180 kwa dakika 15 kila moja ni saa 45. Hakuna kijana mwenye saa 45, ndiyo maana usiku wa manane anaandika "haieleweki" na kugeuza ukurasa. Richard Haswell, mwalimu wa huko Marekani, alieleza mwaka 1983 kwamba yeye hutia alama ndogo tu pembeni mwa mstari wenye kosa la tahajia au alama za uandishi, halafu humwachia mwanafunzi alitafute kosa. Na wanafunzi wake waliyasahihisha zaidi ya nusu ya makosa hayo wenyewe. Tukajaribu. Kwa karatasi yenyewe nikawataka waandike mambo mawili tu: mahali hoja iliposhika, na swali moja la kweli, swali ambalo msahihishaji mwenyewe angependa kujua jibu lake. Swali la kweli ni gumu kuliko wanavyodhani. Ikashuka hadi dakika sita kwa karatasi, ambazo ni saa 18, na bado nyingi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba chuo kile kiligeuka. Kupandishwa cheo huko hutegemea makala mtu alizochapisha, na sijaona mahali pa kujaza kwamba umewafundisha wanafunzi 180 kueleza jiwe. Wawili kati ya wale 11 waliacha kuja siku ya tatu, na siwalaumu. Walikuwa na tasnifu zao za kumaliza. Mkuu wa idara aliyenialika alihamishwa, aliyemfuata akauliza fungu la chai ya washiriki linatoka wapi, na kwa miaka miwili tulikutana bila chai.

Yule wa jiolojia sasa ni mhadhiri. Mwaka jana aliniandikia kwamba ana wanafunzi 240 na wakufunzi wasaidizi wawili, ambao amewaketisha kwa juma moja na karatasi na mawe kabla muhula haujaanza. Saa hazitoshi. Ameniuliza akate lipi: ripoti ndefu ya mwisho wa muhula au yale maelezo mafupi ya kila juma. Nimemjibu akate ripoti ndefu. Anasema idara haitakubali, kwa sababu ripoti ndefu ndiyo iliyomo kwenye muhtasari wa kozi, na kikao cha kuujadili kimeahirishwa mara mbili.