Vioo Vilalavyo Kiangazi

Katika mji wa Edinburgh, ambako Mola amenijaalia makazi ya pili, nyumba za mawe za mtaa wa New Town zina madirisha marefu ya mbao, yapandayo na kushuka kwa kamba na vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya fremu, nayo yana kioo kimoja tu chembamba baina ya mkazi na upepo wa Bahari ya Kaskazini. Mtaa huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1995, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar nilikozaliwa ulivyoingia mwaka 2000, na katika miji yote miwili mwenye nyumba hana hiari ya kung'oa madirisha ya wazee na kutia mengine apendavyo. Ndiyo sababu wengi wetu tumestahabu kioo cha pili, kinachobandikwa upande wa ndani baridi ikianza na kubanduliwa ikiisha, kwani hakigusi sura ya nyumba kwa nje, na aghalabu hakihitaji idhini.

Vingi vya vioo hivyo kwa hakika ni mabamba ya akriliki, plastiki angavu yenye takriban nusu ya uzito wa kioo cha unene huo huo, yakishikwa na utepe wa sumaku uliozunguka ukingo, ukikabiliana na utepe wa chuma uliogandishwa kwenye fremu. Watafiti waliopima madirisha ya namna hii kwa niaba ya Historic Scotland, idara iliyosimamia majengo ya kale, katika taarifa ya mwaka 2008, waliona kioo cha pili kikipunguza joto lipotealo dirishani kwa asilimia 63. Na zile mbao za kukunja, zilizomo kandokando ya madirisha tangu zamani, zikifungwa tu hupunguza asilimia 51. Hesabu hii ya pili hunigusa moyo kila niikumbukapo, maana sisi nasi wa pwani tuna mbao dirishani, zilizolazwa mshazari ili zizuie jua na kupitisha upepo. Fundi wa kule na fundi wa huku walishika mti kwa haja mbili zilizo kinyume kabisa, na wote wawili wakapatia.

Lakini watu huzungumza sana juu ya kuvitia vioo hivi kuliko juu ya kuvitoa, ilhali umri wa vioo vyenyewe hufupishwa hasa katika miezi ambayo havifanyi kazi. Kila bamba na liandikwe kabla ya kubanduliwa, ni la chumba gani, la dirisha lipi, na juu yake ni wapi, kwa kuwa katika nyumba zilizokwisha kuinama kwa miaka 200 hakuna madirisha mawili yaliyo sawa. Halafu lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, vumbi liondoke kwa maji kwanza, maana chembe moja ikiburutwa pakavu huacha mkwaruzo wa daima. Na spiriti au dawa ya vioo yenye amonia isilikaribie, kwani huifanya plastiki ipasuke nyufa nyembamba zisizotibika. Likisha kukauka, lisimamishwe wima juu ya ubao, lisiegemezwe mshazari kwa miezi likapinda kwa uzito wake lenyewe, wala lisipelekwe darini chini ya paa lenye joto. Yangu nimeyavika kanga kuukuu, kila bamba na yake, ili sumaku zisikamatane. Pamba iliyofuliwa miaka mingi ina ulaini usiopatikana katika kitambaa kipya.

Mama yangu huko Unguja aliponisikia nikieleza haya kwa simu, aliuliza, "Mwanangu, mkishaziba hivyo mnavuta pumzi gani?" Swali lake lina ilimu ndani yake. Hewa ya jikoni yenye unyevu ikipenya ukingo wa bamba hulikuta dirisha la nje likiwa baridi, ikageuka maji, nayo maji huozesha mbao. Kwa hiyo upande wa ndani sharti uzibwe barabara, na wa nje uachiwe upenyo mdogo. Na hapa natofautiana na jirani zangu wanaoviacha vioo mwaka mzima kwa kukwepa taabu. Mbao zinahitaji miezi ya kukauka, nasi tunahitaji kuziona, tuutazame ubovu na rangi iliyobanduka ilhali bado jua lipo, maana mvua zikianza hakuna fundi apakaye rangi nje.

Basi ndugu yangu uendaye nyumbani mwezi wa Julai, Kusi ikivuma, usiondoke na madirisha yamezibwa; vitoe vioo wiki moja kabla ya safari, uvioshe bila haraka, na ufunguo umwachie jirani mwenye kuaminika ili afungue dirisha siku za jua. Ukirejea mwezi wa Septemba, pangusa tepe zote mbili, gandisha upya palipoachia, kisha ungoje usiku wa kwanza wa baridi ya kweli.