Shajara ya Chumba cha Nyuma

Jumanne, 4 Februari 2025
Msomaji mwingine kalalamikia kelele za cherehani na printa yetu ya 3D. Ana haki, kaja maktaba, hakuja gereji. Oodi, maktaba ya Helsinki iliyofunguliwa Desemba 2018, walilimaliza tatizo hili kwa ghorofa: cherehani na printa za 3D ziko ya pili, vitabu ya tatu. Sisi tuna sakafu moja na stoo. Leo tumehamishia kila kitu stoo. Joto la humo na kaskazi hii, Mungu ndiye ajuaye.

Alhamisi, 6 Februari
Alasiri kaingia mzee na nobu ya feni iliyopasuka, kaifunga kwenye leso kama dawa. Mwezi mzima feni anaiwasha kwa koleo. Dukani wamemwambia anunue mpya. Feni nzima, kwa kiplastiki cha ukubwa wa kizibo!

Binti wa kidato cha pili, anayekuja kila akitoka shule, kaacha alichokuwa akishona.
"Shikamoo, babu."
"Marahaba, mjukuu wangu. Mtaweza?"
"Tuletee na feni yenyewe tupime."
Karudi nayo kwa bodaboda. Kijiti cha kuzungushia kina kipenyo cha milimita 6, ila upande mmoja kimekatwa bapa kama herufi D, na hapo ni 4.5.

Jumamosi, 8 Februari
Tumeharibu nobu mbili. Ya kwanza tundu tulilichora kwa vipimo vilevile vya kijiti, na printa hutoa tundu dogo kuliko lilivyochorwa. Binti kaisukuma, ikapasuka. Ya pili ilikatikiwa umeme ikibaki robo saa. Isitoshe, uzi wa plastiki umenyonya unyevu wa bahari: ukiyeyuka unalia tatata, kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. Kesho nitapita kwa wauza viatu niwaombe vile vipakiti vya kukaushia, niufungie navyo kwenye ndoo yenye mfuniko.

Binti aliniangalia kama anayesubiri kutozwa faini. Nikamwambia arudie. Humu ndani sitaki mtoto aogope kuharibu.

Alhamisi, 13 Februari
6.3 kwa 4.8. Imeingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu.

Mzee kazungusha moja, mbili, tatu, karudisha sifuri, kaanza upya. Karatasi zangu zote zikapeperuka na hakuna aliyeziokota.
"Nikupe shilingi ngapi, mwanangu?"
"Hakuna malipo, mzee. Hii ni maktaba."

Binti alitaka kuzitupa zile mbovu. Nimemzuia. Nimezitia kwenye bahasha pamoja na vipimo, mchoro nikauhifadhi kwenye kompyuta, kisha nikatoa kadi tupu ya katalogi. Kwa mfumo wa Dewey wa kuainisha vitabu, feni ni 621.61. Atakayekuja na nobu kama hii hataanzia mwanzo.

Kwenye nafasi ya mtunzi nikasita, nikamsogezea binti kalamu.
"Mtunzi ni mimi?"
Kaandika majina yote matatu, polepole, hadi la babu yake.