Kuendeleza Kazi ya Marehemu

Mtu afapo, aghalabu huacha nyumbani kazi isiyokwisha: ukili uliosukwa nusu, ukuta uliofika dirishani, shairi lisilo na ubeti wa mwisho. Jamaa hukaa wakashauriana. Wapo wasemao kazi hiyo iachwe vivyo hivyo kwa heshima. Wapo wasemao ifumuliwe, ianzwe upya. Ni wachache wathubutuo kuiendeleza, maana mkono mgeni hutambulikana.

Jambo hilo huwakabili watunzi wa nyimbo pia. Mnamo mwaka 1682 hivi, Henry Purcell, mpiga kinanda wa Westminster Abbey huko London, alitunga wimbo wa ibada wa sauti nane kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 102, sala ya mtu aliyedhikika amwombaye Mola asikie kilio chake. Wimbo huanza kwa upole, sauti zikiingia moja baada ya nyingine, hata zote nane zikutane karibu na mwisho katika mgongano mchungu, ndipo zitulie. Kuuimba ni dakika tatu hivi. Katika daftari la Purcell, lililohifadhiwa Cambridge, wimbo huo unafuatwa na kurasa tupu. Kwa hiyo wataalamu wengi huamini kwamba ulikuwa mwanzo wa kazi kubwa zaidi. Wala si mauti yaliyomkatiza, kwani aliishi hadi mwaka 1695. Wenye nyumba watalifahamu hilo: kazi nyingi hukatizwa na kazi nyingine.

Mwaka 1986 mtunzi wa Uswidi, Sven-David Sandström, alizishika kurasa hizo tupu. Hakuanza kwa kumsahihisha mzee. Kwaya huimba kwanza noti za Purcell mwenyewe. Kisha, kwa maneno yale yale, sauti hugawanyika, husongana na kusuguana kwa namna ambayo masikio ya karne ya 17 hayakuizoea. Mgongano ambao Purcell aliugusa kwa muda mfupi, Sandström aliukalia kwa muda mrefu. Kwake kilio hakikufika ukomo. Chaendelea kuomba kusikiwa.

Baadaye Sandström, aliyefariki mwaka 2019, alichukua pia maneno ya moteti sita za Johann Sebastian Bach, akayatungia muziki wake mwenyewe. Kwa Bach alirithi maneno tu. Kwa Purcell alirithi maneno na sauti. Njia zote mbili ni halali, ila ya pili ina hatari zaidi, kwa kuwa kazi ya mrithi husimama bega kwa bega na ya mrithiwa, na kila mwenye masikio hulinganisha.

Wako watakaosema huo ni utovu wa adabu. Lakini adabu ni nini? Afichaye mahali alipoungia, akajifanya ndiye marehemu, huyo ndiye mdanganyifu. Sandström hakuficha kitu: sehemu ya mzee yasikika, na ya kwake yajitangaza kuwa ya zama zake. Amrithiye mzee hivyo hamnyang'anyi neno. Amemsikiliza kwanza, kisha akanena. Na kwaya itakayo kuimba kazi hiyo haina budi kufanya vilevile: ijifunze kwanza kuimba ya Purcell, na kuiimba vema.