Footscray: Klabu Iliyookolewa na Mtaa Wake

Footscray ni kitongoji cha magharibi mwa Melbourne, ng'ambo ya mto Maribyrnong. Kwa miaka mingi kilikaliwa na watu wa kazi za mikono: wavunja mawe wa machimboni, wachinjaji, mafundi wa reli, wafanyakazi wa kiwanda cha risasi. Klabu yake ya mpira wa Australia, mchezo wa watu 18 kila upande na mpira wenye umbo la yai, ilianzishwa karne ya 19 na watu wa aina hiyo, na haikuwahi kuwa na matajiri wa kuitegemea.

Timu kubwa za jiji zilipojitenga na kuanza ligi yao mwaka 1897, Footscray ilibaki katika chama cha zamani. Mwaka 1924, ikiwa bingwa wa chama, ilipambana na Essendon, mabingwa wa ligi, katika mechi ya hisani, na ikashinda. Mwaka uliofuata ilipokelewa katika ligi kuu pamoja na Hawthorn na North Melbourne.

Ubingwa ulichelewa. Ulikuja Septemba 1954, chini ya Charlie Sutton, aliyekuwa nahodha na kocha kwa wakati mmoja. Katika mchezo huu goli huhesabiwa pointi 6, na mpira unaopita kando kidogo, kati ya nguzo za ndani na za nje, huipa timu pointi 1. Fainali dhidi ya Melbourne iliisha kwa pointi 102 kwa 51, na Jack Collins peke yake alifunga magoli 7. Kikosi hicho kilikuwa na kijana Ted Whitten, ambaye angeichezea klabu mechi 321 na kuwa mtu anayependwa kuliko wote magharibi mwa jiji. Mashabiki waliamini mataji mengine yangefuata. Mwaka 1961 timu ilifika fainali tena, ikafungwa na Hawthorn, kisha ikaanza kushuka.

Kufikia miaka ya 1980 ligi ilikuwa inapanuka kwenda majimbo mengine, na gharama za wachezaji zilizidi uwezo wa klabu za vitongoji. Oktoba 1989 ikatangazwa kwamba Footscray, iliyolemewa na madeni, ingeunganishwa na Fitzroy. Wanachama wake hawakuulizwa. Hapo ndipo ilipojulikana klabu hii ilikuwa mali ya nani. Watu walifurika katika uwanja wao wa Western Oval, shabiki mmoja mwanamke akaenda mahakamani kupinga, na wakili kijana, Peter Gordon, akaongoza mapambano. Mahakama ilipotoa muda wa wiki chache tu wa kutafuta fedha za madeni, wakazi walipita nyumba kwa nyumba na kusimama barabarani na makopo ya michango. Zikapatikana zaidi ya dola milioni 1, na muungano ukafutwa. Wengi wa waliochanga walikuwa watu wa kipato kidogo, na ni haki kusema kwamba bila wao historia hii ingeishia hapo. Fitzroy haikupona: mwaka 1996 ilimezwa na klabu ya Brisbane.

Hata hivyo kubaki hai kulidai gharama yake. Mwishoni mwa 1996 jina la Footscray liliondolewa, timu ikaitwa Western Bulldogs ili iwavute watu wa magharibi yote, na mwaka 1997 ligi ikacheza mechi yake ya mwisho ya wanaume katika uwanja ule, uliokuwa tayari umepewa jina la Whitten, aliyefariki mwaka 1995. Waliozoea kwenda mpirani kwa miguu walianza kupanda treni. Uwanjani nako majonzi hayakwisha: mwaka 1997 timu ilikosa fainali kwa pointi 2 tu mbele ya Adelaide, na kati ya 2008 na 2010 ilitolewa katika nusu fainali miaka mitatu mfululizo.

Mwaka 2016 ilimaliza msimu wa kawaida ikiwa ya saba, nafasi ambayo hakuna bingwa aliyekuwa amewahi kutokea. Katika mechi za mtoano iliishinda West Coast mjini Perth, ikamtoa bingwa mtetezi Hawthorn, ikapita Greater Western Sydney kwa pointi 6, na tarehe 1 Oktoba, katika fainali, ikaifunga Sydney 89 kwa 67. Kocha Luke Beveridge alimwita jukwaani Bob Murphy, nahodha aliyeumia goti mapema msimu huo, akamvisha medali yake mwenyewe. Miaka 62 ya kusubiri ilikuwa imekwisha.

Leo mechi nyingi za nyumbani huchezwa katika uwanja wa Docklands, na chache hupelekwa Ballarat. Whitten Oval ndipo timu inapofanyia mazoezi. Kikosi cha pili hucheza hapo kwa jina la Footscray, na timu ya wanawake, iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 2018, imewarudishia wakazi mechi za ligi ya juu katika uwanja wao.