Mlimani au Mbeya?

Mpwa wangu wa Ngerengere alichaguliwa vyuo viwili kusoma uhandisi ujenzi: Mlimani, na MUST ya Mbeya. Utaratibu wa TCU ni kuthibitisha kimoja tu. Dada akanipigia simu. Mwandishi wa habari hudhaniwa anajua kila kitu.

Hoja za Mlimani zilikuwa nzito. Wanafundisha uhandisi tangu 1973, wakati MUST, iliyotokana na chuo cha ufundi, imekuwa chuo kikuu mwaka 2012. Halafu kuna treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2024: ina kituo palepale Ngerengere, na Dar imekuwa jirani. Mbeya ni kutwa nzima kwenye basi.

“Hiyo treni ndiyo shida, Mjomba,” akasema binti. “Nikiwa Dar, mama akiumwa kichwa tu nitaitwa mimi. Kaka zangu hawaitwi.”

Nikanyamaza. Kwa mtoto wa kiume, chuo cha karibu ni unafuu wa nauli. Kwa binti, kinaweza kuwa zamu ya jikoni isiyokwisha, na mahesabu ya uhandisi hayasubiri.

Akathibitisha Mbeya. Dada alinuna wiki nzima, kisha akaenda kununua blanketi zito.