Hita ya Gari la Mwalimu

Nimerudi Mlimani, chumba ni kilekile na joto la Dar ni lilelile. Wanaoniuliza likizo ilikuwaje nawajibu kwamba siku nne nzima nilikuwa nimepiga magoti ndani ya Corolla ya mwaka 1996. Wanacheka. Basi wacha niandike kirefu, maana habari yenyewe si ya kuchekesha tu, na wengi wenu nyumbani kuna gari la mzee lenye umri kama wa kwenu au zaidi.

Najua mtu wa Dar ataniuliza hita kwenye gari ni ya nini. Hapa mjini kile kitufe chenye alama nyekundu na bluu kinakaa kwenye bluu mpaka gari linakufa. Lakini kila gari linaloshuka bandarini kutoka Japani limekuja na hita, na inavyofanya kazi ni rahisi sana. Maji yanayopoza injini yanakwenda kwenye rejeta kubwa ya mbele, hiyo mnaijua. Sasa kuna mipira miwili midogo inayochepuka, inapita kwenye ukuta kati ya injini na abiria, na kuingia kwenye rejeta nyingine ndogo, ukubwa wa kamusi hivi, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni ikipuliza hewa hapo, hewa inatoka na joto miguuni kwako au kwenye kioo. Hakuna mafuta ya ziada yanayoungua, ni joto la injini ambalo lingetupwa tu nje.

Nyumbani kwetu ni Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti, alfajiri ya kwetu si ya kuombea adui. Baba ni mwalimu mstaafu, Mama anauza parachichi na mboga. Siku za soko wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Makambako, kama kilometa 60, ukungu umelala barabarani kama pamba. Hilo gari ndilo linalompa Mama faida yake, na faida hiyo ndiyo ada ya mdogo wangu wa kidato cha tano. Kwa hiyo ninaposema hita, msifikirie starehe.

Habari ilianza kwa simu mwezi wa tano. Mama akaniambia gari linanuka vitu vitamu, kama mtu amemwaga sharubati. Zulia la upande wake limeloa, soksi zinaloa. Baba naye akadakia kwa nyuma kwamba kila wiki anaongeza ile kulanti ya kijani, na chini ya gari haoni hata tone. Jamani, mimi nasoma kemia, ufundi magari si fani yangu, lakini utamu huo naujua. Kulanti nyingi ni maji yaliyochanganywa na ethilini glaikoli, na glaikoli ni tamu. Tamu na sumu. Ikiingia mwilini ini linaivunja na kuzaa asidi ya oksaliki, ambayo inashikana na kalisi na kufanya fuwele ndani ya figo. Nyumbani kuna mjukuu wa miaka miwili, mtoto wa dada, na mahali anapopapenda kuliko pote duniani ni sakafuni pale miguuni kwa Bibi yake. Nikamwambia Mama, huyo mtoto asipande gari mpaka nije, na hilo zulia litoeni lifuliwe leo hii.

Tahadhari kidogo hapa. Si kila maji miguuni ni hita. Gari lenye AC nzima nalo linaweza kumwaga maji ndani kama bomba lake la kutolea maji limeziba, lakini hayo ni maji meupe, hayana harufu. Ya hita yana rangi, na ukiyasugua kati ya vidole yanateleza. Dalili nyingine ni kioo cha mbele kupata utando wa mafutamafuta kwa ndani, ukiufuta kwa tambara kavu unasambaa tu. Huu utando mtauona tena huko mbele.

Baada ya UE nikaenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta kirejeta. Nilikwenda na namba ya chesisi kwenye karatasi, maana Corolla si moja, na kijana wa dukani akinionyesha kitu "kinaingia tu bro" nilikuwa napima kwa rula. Kipya hakikupatikana, nikachukua cha mtumba cha aluminiamu. Nikamwomba ndoo. Tukaziba tundu moja, tukapuliza kwa jingine, kikazama majini bila kutoa povu hata moja. Kwa nini sikumwachia fundi rejeta wa Njombe akachomelea kile cha zamani? Kwa sababu zile za shaba zinashika risasi vizuri, ila aluminiamu haikubali risasi ya kawaida. Na zile dawa za kumwaga kwenye rejeta ili zizibe tundu, au unga wa manjano ambao wazee wanausifia, haziwezi kuchagua tundu. Zinaweza kuziba pamoja na vinjia vyembamba ambavyo maji yalitakiwa kupita. Nikafunga mzigo wangu kwenye kanga, nikapanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikaupakata mpaka Njombe kama mtoto.

Nyumbani nikakuta mambo mawili. La kwanza, fundi alishamshauri Baba aiunganishe ile mipira miwili nje, maji yapite bila kuingia kwenye hita. Elfu tano, nusu saa, kwisha. Kusema haki, huo si ushauri wa kijinga. Kwa gari la Tanga au Dar hata mimi ningesema fanya hivyo. Mipira iungane tu, isizibwe, ili mzunguko wa maji uendelee. Lakini kwetu? Watu watatu wanapumua ndani, nje kuna baridi, kioo kinajaa ukungu dakika mbili tu, na AC ya kukausha hewa ilishakufa miaka mingi. Kinachosafisha kioo hapo ni hewa ya moto peke yake.

La pili sikulitegemea. Baba alikuwa ameshaongea na dalali auze gari.

Hakuniambia mchana. Aliniambia usiku, tumeshafungua nusu ya dashibodi, ameshika tochi, mimi kichwa kiko chini ya usukani. Akasema, "Mwanangu, unahangaika bure. Hili gari sitaliendesha tena." Nikamuuliza kulikoni. Akakaa kimya, halafu akasema macho yake yamekwisha. Wiki mbili kabla, njia ya Makambako, kuna fuso lilikuwa limeharibika barabarani, wameweka matawi ya miti kama kawaida yetu. Hakuyaona matawi. Fuso lenyewe aliliona lipo mbele ya boneti. Alikwepa, Mama akapiga kelele, wakasimama kando mpaka kulipokucha. "Taa za magari zinachanua kama maua," akasema. "Babu yako alianza hivyohivyo."

Babu alikufa haoni. Sote tunajua nyumbani.

Nilitoka chini ya usukani. Nikachukua tochi mkononi mwake, nikaiwasha nje ya kioo, nikamwambia akae kiti cha dereva aangalie. Akasema ndiyo, inachanua. Nikaingia ndani, nikapitisha kidole kwenye kioo, kikaacha mstari kama kwenye sahani yenye mafuta. Miezi kadhaa kile kirejeta kilikuwa kinatoa mvuke wa kulanti kwenye hewa ya feni, mvuke unakwenda moja kwa moja kwenye kioo, maji yanakauka, glaikoli inabaki. Na kadiri Baba alivyozidi kuwasha feni ili aone, ndivyo alivyozidi kupaka kioo. Sikumwambia macho yake ni mazima, mimi si daktari wa macho. Nilimwambia tumalize kazi kwanza, dalali asubiri.

Sasa kazi yenyewe. Weee! Hii sehemu nitaikatisha, maana siku nne haziwezi kukaa kwenye ukurasa mmoja. Injini ipoe kabisa. Betri itolewe waya wa hasi, na kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa kitu. Maji yote yamwagwe kwenye beseni lenye kufunikwa, msiyaache uani, mbwa na kuku watakunywa. Halafu mipira miwili pale ukutani. Imegandamana, usiivute kwa nguvu, ikate, mipya ni bei rahisi kuliko kuvunja bomba. Baada ya hapo ni spana namba 10 na bisibisi mpaka uchoke. Kabati la mbele, redio, kitako cha gia, dashibodi nzima, chuma kilicho nyuma yake, ndipo unalifikia boksi la hita. Fundi yule wa elfu tano alikuja siku ya pili "kuangalia tu", akaishia kulala chali na sisi mpaka jioni. Baba kama mwalimu alikuwa na mfumo wake: kila skrubu ilitiwa kwenye bahasha, bahasha ikaandikwa kwa kalamu nyekundu. Kama AC yenu bado ina gesi, kabla ya kugusa mabomba yake mtafuteni mwenye mashine ya kuinyonya. Yetu haikuwa na kitu.

Kile cha zamani kilipotoka kilikuwa na matope ya kahawia ndani na pembeni kimekulika vitundu vidogo, kimoja kina ukoko wa kijani. Hiyo ni kazi ya maji ya bomba ya miaka mingi kabla Baba hajaanza kutia kulanti. Watu wanadhani kulanti ni kwa ajili ya barafu ya Ulaya. Barafu kwetu si tatizo kubwa. Ndani yake kuna dawa za kuzuia metali isiliwe, na chokaa ya maji ya bomba haimo. Mjihadhari lakini, mtaani kuna chupa za kijani ambazo ni maji na rangi tu.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa nyanda za juu tunapaswa kulielewa kuliko watu wa pwani. Kwa urefu wa Njombe maji hayasubiri nyuzi 100, yanachemka kwenye 93 hivi. Themostati ya gari kama hili inafungua kwenye 82. Kati ya hali ya kawaida na kuchemka pamebaki nyuzi 11 tu! Kinachotuokoa ni mgandamizo. Mfuniko wa rejeta umeandikwa 0.9, unafungia mvuke ndani, na maji yanavuka 110 bila kuchemka. Tundu dogo la hita likiachia mgandamizo huo, mnapanda mlima mkiwa na sufuria isiyo na mfuniko. Kwa hiyo mfuniko nao tulibadilisha, mpira wake ulikuwa umekauka.

Kujaza nako kuna adabu yake. Nusu kulanti, nusu maji yaliyochujwa madini. Kitufe cha hita kiwe kwenye joto kabisa, mfuniko wazi, injini iwake taratibu mpaka povu liishe. Ukisikia maji yanabubujika nyuma ya dashibodi kama mtu anakunywa kwa mrija, hewa bado ipo. Tuliwasha kabla ya kurudisha dashibodi, nusu saa nzima, nimeshika karatasi nyeupe chini ya viungio. Ikabaki kavu. Hapo ndipo fundi alipocheka kwa mara ya kwanza.

Kioo nilikiosha mwenyewe, maji ya moto na sabuni mara tatu, halafu spiriti, na gazeti la kumalizia. Usiku Baba akamwita kijana wa jirani mwenye bodaboda, akamtuma kule mwisho wa barabara, arudi taa imewashwa. Alirudi. Baba akamwambia arudie. Akarudia. Mara ya tatu kijana akauliza kama mzee yuko sawa. Baba hakumjibu, aliniambia mimi, kwa sauti ndogo, "Taa imekuwa moja."

Kliniki ya macho tulikwenda hata hivyo, nilisisitiza, kwa ajili ya Babu. Wakampima, wakampa miwani ya kusomea, wakasema arudi kila mwaka. Dalali alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alipokea Mama, na sijui alimwambia nini, hakupiga tena.

Bahasha moja ilibaki na skrubu tatu ambazo hatujui zinakokwenda, na saa ya dashibodi haijawaka tangu siku ile. Siku ya soko iliyofuata nilikaa kiti cha nyuma katikati ya matenga. Ukungu ulikuwa mzito, kioo cheupe kabisa, hewa ya moto inakuja mpaka nyuma. Tulipofika nusu ya njia Mama akavua kanga ya pili, akageuka kwa Baba: "Mwalimu, hebu punguza hiyo hita yenu. Parachichi zangu zitaiva kabla hatujafika Makambako."